Dada Alikuwa na Meno ya Kutupa

"Ta!"

Mlio ulikuwa mdogo na mkavu, kama jiwe lililojificha kwenye wali linapokutana na gego. Ila hapakuwa na wali wala jiwe, na jino halikuwa langu. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, amenipa mgongo, na nikaona mabega yake yameganda. Akageuka polepole, akanionyesha kiganja. Katikati palikuwa na kichuma kidogo, hakizidi kichwa cha pini.

"Nimekwisha," akasema. "Baba atanimaliza."

Mkono wa pili ulikuwa bado umeshika nusu ya tobolwa.

Kama hujakulia huku kwetu, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikawa vikavu kama gome la mti. Kipande ukikitia mdomoni unakiviringisha kwanza, unakilainisha kwa mate, ndipo unauma, na utamu unakuja taratibu. Sisi hatufundishwi, tunajikuta tunajua. Dada alizaliwa Mwanza. Yeye aliuma moja kwa moja kama anayeuma biskuti, tena akiwa na nyaya za meno mdomoni, na daktari wake alishamkataza kila kitu kigumu.

Mimi nilikitazama kile kichuma, na kitu cha kwanza kunijia hakikuwa huruma. Niliwaza: kumbe vinabandukaga. Basi na mimi wanaweza kunibandika.

Dada ni mtoto wa baba mdogo. Amenizidi umri kidogo tu. Mwaka ule sote tulikuwa kidato cha pili, yeye kwenye shule ya watu wanaovaa sweta na tai, mimi kwenye shule yetu ya kata, na likizo ile baba mdogo alimleta kijijini kwetu Kasoli akae na bibi. Aliposhuka kwenye pikipiki na begi lake la magurudumu, akatabasamu, na mdomo ukawaka jua. Juu na chini, kila jino lilikuwa na kichuma chake, waya umepita katikati, na kila kichuma kimefungwa kipira cha bluu. Watoto wa jirani waliokuwa wanachunga mbuzi waliacha mbuzi waingie kwenye choroko za watu.

Mmoja akamuuliza, "Dada, umefungwa ili usiseme?"

"Nimefungwa ili nisikung'ate wewe," akajibu, na watoto wakakimbia wakicheka, kisha wakarudi kuangalia tena.

Alitueleza kwamba meno yake yalikuwa mengi kuliko nafasi. Yalikuwa yamepandana, moja limetangulia, moja limegeuka ubavu, kama watu kwenye bomba la maji mwezi wa tisa. Nyaya zilikuwa zinayapanga mstari. Kila mwezi alikwenda kwa daktari, daktari akakaza kidogo, na hapo ndipo alipokuwa anaulizwa: safari hii unataka vipira vya rangi gani?

"Yaani wanakuuliza?" nikasema.

"Wananiuliza. Mwezi uliopita niliweka zambarau. Ilinikataa."

Zambarau ilimkataa! Mimi sikuwahi kuulizwa rangi ya kitu chochote. Sare yangu rangi yake ilipangwa na serikali, na kanga zangu zilikuwa zile ambazo mama kazichoka. Usiku ule nililala nikijichagulia vipira. Nilianza na nyekundu, nikaenda kijani, nikaishia na njano, maana niliona njano ingependeza na ngozi yangu.

Lakini vipira nilivivumilia. Kilichonichoma ni bibi.

Mimi ndiye niliyekuwa nalala na bibi chumba kimoja tangu nilipoachishwa ziwa. Maji ya kuoga nampelekea mimi, kichwa chake namsuka mimi. Alipokuja mwenye nyaya, bibi akawa mtu mwingine. Ugali wa dada ulisongwa peke yake, laini. Samaki wake alichambuliwa miiba kwa vidole vya bibi mwenyewe. Karanga zake zilitwangwa mpaka zikawa uji. Na siku zile za kwanza, daktari akiwa amemkaza kabla hajasafiri na meno bado yanamvuta, bibi alikaa kando ya kitanda akamshika shavu: "Yanauma, mayu?"

Mayu maana yake mama. Ndivyo wazee wetu wanavyomwita mtoto wa kike wanapombembeleza. Mimi bibi aliniita hivyo nikiwa na malaria. Dada aliitwa hivyo asubuhi, mchana na jioni kwa sababu ya waya. Nililala upande wangu wa ukutani nikijaribu kuwaza ni kitu gani kingeniuma na mimi bila kuniua.

Na ubaya ni kwamba mwenye shida ya meno kweli nilikuwa mimi.

Nina meno manne ya mbele juu, mazuri tu, hata ukiyaona peke yake utayasifia. Baada ya hapo huku pengo na huku pengo, ndipo magego yanaanza. Yale meno ya chonge, yale makali ya pembeni ambayo hata mbwa anayo, mimi hayakuota. Watu wengine wana mwanya, na mwanya ni uzuri, mtu anaposwa kwa mwanya wake. Pengo si mwanya. Shuleni waliniita Magoli, kwa kuwa nilikuwa na magoli mawili na kipa hakuna.

"Magoli, cheka tufunge!" Halafu mtu anarusha punje ya hindi kuelekea mdomoni kwangu.

Nilicheka nao, mimi ni mtu wa kucheka, nifanyeje. Ila nilijifunza kucheka na kiganja. Na nilikuwa na ndoto yangu. Nilitaka kusoma habari kwenye televisheni. Nyuma ya nyumba nilisimama mbele ya ukuta, gunzi la hindi mkononi: "Mtazamaji, karibu katika taarifa yetu ya habari." Nilisoma habari za mvua, habari za bei ya pamba, habari za ng'ombe wa jirani aliyevunja uzio. Sauti nilikuwa nayo. Lakini midomo niliifungua nusu, kama mtu aliyeficha pipi, na nilishajua kwamba hakuna mtangazaji anayesoma namna ile.

Kuhusu kwa nini sina chonge, sikuwahi kuuliza. Mungu ndiye aliyenipa, au hakunipa. Kulikuwa na hadithi nyingine ya mdomo wangu, na hiyo niliipenda sana kwa sababu ndani yake mimi ndiye niliyekuwa mtu mkubwa. Bibi aliisimulia kila wageni walipokuja. Nilikuwa mchanga, nikashikwa na homa na kuharisha, macho yakarudi nyuma. Wakaangalia fizi zangu, wakaona pamevimba, peupe, huku na huku. Wakasema ni meno ya nailoni, yale yanayoua watoto. Akaitwa mama mmoja aliyejua kazi hiyo. Akaja na spoku ya baiskeli iliyonolewa, akapasua, akatoa vidude vyeupe, laini kama mbegu za tango, akavipanga kwenye kiganja kila mtu avione. "Mmeona? Nailoni yenyewe hiyo." Homa ikashuka. Na bibi kila mara alimalizia kwa kunigonga kisogoni: "Huyu mngemzika huyu."

Nilikuwa namaliza kusikiliza nimevimba kichwa.

Dada alipokaa kwetu siku chache nilianza kuokota karatasi za fedha, zile za ndani ya pakiti za sigara. Nilizikunja nyembamba, nikazibandika kwenye meno yangu manne, nikajitazama kwenye kioo cha baba cha kunyolea. Kwa mbali ilikubali. Nikatabasamu, nikasoma habari nzima nimefungua mdomo wote. Bibi akatokea mlangoni.

"Unakula sigara, wewe?"

"Hapana, bibi."

"Mdomoni kuna nini?"

Nikazimeza. Dada, aliyekuwa nyuma yake, alielewa. Hakunicheka. Heri angenicheka, maana nilitaka sababu ya kumchukia, na mtu huyu hakuwa na sababu hata moja. Alinigawia sabuni yake ya kunukia. Alinifundisha kusema "poa kichizi". Mchana wa siku ile ya tobolwa, kabla hajauma, aliniambia, "Wewe nakuonea wivu unavyotafuna. Mimi tangu mwaka jana nakula kama bibi kizee." Nikamwona ananifariji tu, kama mwenye gari anavyomwambia mwenye miguu kwamba kutembea ni afya. Nikaondoka kwenda kuchochea moto. Ndipo nikasikia ule mlio.

Baba mdogo alipopigiwa simu alifoka mpaka sauti ikasikika uani, kisha akapoa. Akasema dada apande basi kesho yake, maana hata hivyo likizo hii alitakiwa aonekane, kuna meno ya chini ya kutolewa. Asisafiri peke yake. "Huyo mwenzake amsindikize."

Huyo mwenzake nilikuwa mimi! Nilifua gauni langu la kanisani jioni, nikalikausha juu ya moto likanuka moshi. Nilipiga mswaki mara mbili, tena tatu, mpaka fizi zikatoa damu. Nilikuwa na mpango na sikumwambia mtu. Nilijua daktari wa meno ana macho, ataniona tu. Ataniambia, na wewe binti kaa hapa.

Tukapanda basi Bariadi asubuhi, tukapita Lamadi, tukapita Magu, dada amefunga mdomo kwa leso kama aliyefiwa, kwa sababu waya uliolegea ulikuwa unamchoma shavu. Baba mdogo alitupokea akatupeleka moja kwa moja.

Chumba cha daktari kilinukia karafuu na dawa. Kiti kilikuwa kirefu kama kitanda, kinapanda na kushuka chenyewe, na juu yake taa. Daktari alikuwa mwanamke, kijana, mwenye miwani na mikono midogo. Alimtazama dada mdomoni akauliza, "Umekula nini?"

"Wali," akasema dada.

"Wali wa mawe?"

Baba mdogo akakohoa. Mimi nikatazama ukutani, palipokuwa na picha ya mtoto anayecheka na meno yake yote, na chonge zake.

Akambandika kile kichuma. Halafu akamchoma ganzi chini, tukasubiri, mdomo wa dada ukaning'inia upande akawa anaongea kama mlevi, na nilikuwa namcheka kwa raha kabisa mpaka daktari aliposhika koleo. Akatikisa, akatikisa, akavuta. Jino likatoka. Akaliweka kwenye trei ya chuma.

Nikasogea. Jamani, jino lile! Jeupe, refu, mzizi wake umenyooka, halina hata alama. Nilidhani watu wanang'oa meno mabovu. Kwetu jino linang'olewa likishakulaza macho wiki nzima.

"Daktari, hilo limeoza wapi?"

"Halijaoza. Ni zima. Tunalitoa wenzake wapate nafasi."

"Kama kupunguzia pamba."

"Eti?"

Nikamweleza. Pamba unaweka mbegu nyingi kwenye shimo moja. Miche ikiota imebanana unang'oa ya ziada, unaacha miwili, ndipo inanenepa. Daktari akatabasamu nyuma ya barakoa, macho yalionekana.

"Basi ni hivyo hivyo," akasema. "Nampunguzia."

"Na hilo mnalipeleka wapi?"

"Linatupwa."

Nililitazama jino la dada kwenye trei na wivu ukanipanda mpaka masikioni, sikuwa nimewahi kuusikia hivyo. Yeye ana meno mpaka anatupa. Analipiwa, analazwa kwenye kiti, anaitwa mayu, ili apunguziwe alichozidishiwa! Na mimi nimesimama hapo na nafasi mbili wazi tangu nizaliwe. Mdomo ukasema kabla sijaupa ruhusa.

"Daktari, meno ni kama pamba au ni kama mpunga?"

"Sikuelewi, binti."

"Pamba ukiing'oa ndiyo basi, hairudi. Mpunga unaung'oa hapa ulipobanana, unaupandikiza kule penye pengo, unashika. Sasa hilo jino mnalolitupa, kama ni mpunga," na hapo nikainua mdomo wangu wa juu kwa vidole vyangu viwili, mbele ya watu, kitu ambacho sikuwahi kukifanya, "mimi nafasi ninayo."

"We mtoto!" baba mdogo akasema. "Utatuaibisha."

"Mmmh! Mmmh!" dada akafanya, pamba mdomoni, mabega yanatikisika. Sikuweza kujua anacheka au analia.

Daktari hakucheka. Alivua glavu, akavaa nyingine mpya, na dada alipoinuka akanipigia mkono kwenye kiti. "Kaa hapa."

Maneno yenyewe niliyoyangoja tangu Bariadi.

Kiti kikashuka na mimi. Aliingiza kioo kidogo, akapapasa fizi upande huu, akapapasa upande ule, kisha akarudia tena upande wa kwanza.

"La mtu mwingine ni pamba," akasema. "Halishiki. Ningekudanganya." Kisha akauliza, "Ulipokuwa mchanga ulitolewa meno?"

"Ya nailoni," nikasema kwa fahari, maana hadithi yangu ilikuwa imefika mjini. "Nilikuwa nakufa."

Nikaona anamtazama baba mdogo, na baba mdogo anatazama sakafu.

"Mama alitaka na huyu wangu afanyiwe," baba mdogo akamwambia daktari, kama vile mimi sipo. "Nikakataa. Akaninunia mwaka mzima."

Daktari akavuta kigoda akakaa, macho yake yakawa sawa na yangu. Akaniambia taratibu kwamba hakuna meno ya nailoni. Mtoto mchanga akiwa na homa na kuharisha anaumwa ugonjwa wake mwingine, na ule weupe wa kwenye fizi ni jino lenyewe linalojitengeneza, bado changa, bado halijawa gumu. Na chini yake limekaa changa jingine, la ukubwani. Ile spoku ilipita mpaka kule.

Nilikuwa naviona vile vidude kwenye kiganja cha yule mama, laini kama mbegu za tango, na watu wangu wote wamezunguka wanamshukuru. Kumbe walikuwa wanayatazama meno yangu.

Dada alikuwa kwenye benchi, pamba mdomoni, shavu limevimba. Tulikuwa wa bibi mmoja, damu moja. Nilikuwa nimemwonea wivu wa nyaya, wa vipira, wa begi la magurudumu. Vyote hivyo vikawa vidogo. Yeye alikuwa na baba aliyesema hapana. Mimi baba yangu, kwa hadithi ya bibi mwenyewe, ndiye aliyeshika taa ili yule mama aone vizuri. Sijui kama kuna wivu mwingine unaouma kama huo, maana hapana hiyo hata ukipewa kesho haikusaidii.

Baba mdogo akasema, kwa sauti ya chini, "Mpige na picha, daktari." Nikapelekwa chumba cha eksirei, nikauma kijiti cha plastiki, mashine ikanizunguka kichwa. Picha ikaja kwenye kompyuta, mifupa yangu yote ya taya, ninatisha.

"Huku kulia hakuna kitu," daktari akaonyesha kwa kalamu. "Huku kushoto, tazama."

Juu ndani kabisa ya fizi, karibu na pua, palikuwa na kitu cheupe, kimekaa ubavu.

"Ni jino?"

"Ni chonge yako ya kushoto. Limenusurika. Ila njia ya kushukia liliipoteza, kwa hiyo limelala."

Akasema linaweza kuvutwa. Fizi inafunguliwa kidogo, linabandikwa kichuma, linafungwa na nyaya, linavutwa polepole sana mpaka linashuka mahali pake. Ni kazi ya muda mrefu, na kila mwezi ni lazima mtu aje. Halina haraka ya kesho, lakini lisisahaulike.

Nyaya! Mimi! Nikamtazama baba mdogo. Alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake.

"Tutaongea na baba yako," akasema.

Kwenye ukoo wetu hayo ndiyo maneno ya kumaliza mazungumzo. Nikashuka kwenye kiti, nikasema asante.

Nilirudi Kasoli peke yangu, kwa kuwa dada alibaki kwao apone. Baba alinisikiliza akiwa anafunga mpini wa jembe. "Linauma?" akauliza. Nikasema haliumi. Akafikiri kweli, baba si mtu mbaya. "Jino haliumi, halionekani, tulifuate Mwanza kila mwezi? Pamba yenyewe mwaka huu unaiona." Kisha akacheka akijaribu kunichekesha: "Mwenzako anang'olewa yanayoonekana, wewe unataka kuvutiwa lisiloonekana. Nyie watoto wa siku hizi!" Nikacheka, kiganja mdomoni.

Bibi aliningoja mpaka tukawa chumbani. Alikuwa anajua mambo yote ya safari isipokuwa la mdomo wangu.

"Na wewe daktari kakuangalia?"

"Kaniangalia, bibi. Kasema kuna jino moja limelala."

"Limelala?" Akacheka. "Basi limerithi usingizi wa baba yako. Liko wapi?"

Nikamwongoza kidole. Kidole chake kilikuwa kigumu, kina nyufa za jembe, kikapapasa fizi yangu kwa upole ule ule aliompapasia dada shavu. Akakaa nacho hapo. Halafu nikaona kicheko kimemtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanayokauka kwenye sahani.

"Mayu," akasema. "Vile alivyotoa yule mama. Vilikuwa nini?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimebeba jibu kutoka Mwanza mpaka hapo, na nilishapanga namna ya kulisema ili limuume vizuri. Na alikuwa ameniita mayu, na sikuwa na homa.

"Sijui, bibi," nikasema. "Hatukufika huko."

Akatoa kidole, akakipangusa kwenye kanga. Hakuniuliza tena. Na wageni walipokuja baada ya hapo hakuisimulia tena ile hadithi, hata walipomwomba. Ila mtoto wa jirani alipoharisha, msimu wa palizi, na watu wakaanza kuangalia fizi zake, bibi ndiye aliyewafukuza na ufagio akasema pelekeni zahanati. Hakusema kwa nini. Mimi nilifurahi, na papo hapo nikamwonea wivu yule mtoto, ananyonya tu hajui lolote.

Sasa nashona nguo Bariadi mjini, nimekodi pembe ya duka la mwenzangu karibu na soko. Habari bado nasoma, nikiwa na nguo mkononi. Wateja wananiambia nina sauti. Nimemuuliza daktari wa meno wa hapa, akasema hata mtu mzima huvutwa, sijachelewa. Bado sijaenda. Nataka kwenda.

Juzi dada alinitumia picha kwenye simu. Hatimaye, baada ya miaka yote hiyo, wamemtoa nyaya. Hakuandika neno, ametabasamu tu, meno yote yamekaa mstari, chonge mbili zimechomoza pembeni kama zilivyotakiwa. Nikamwandikia: umependeza mpaka unaniudhi. Akacheka kwa vile vikatuni vya machozi. Nilimaanisha maneno yote.

Kesho yake niliwahi dukani kabla ya mwenzangu. Nikafungua mlango nusu, nikanawa mikono kwa maji ya ndoo, nikasimama mbele ya kioo cha wateja. Nikaingiza kidole, nikalitafuta upande wa kushoto, juu, pale penye kinundu. Nikalibonyeza taratibu, nikalipa salamu yetu, ile anayopewa mtu akiamka.

"Mwangaluka," nikaliambia.